Korongo la Kalambo: tunahifadhi nini hasa?

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Rukwa ameniandikia hivi: "Mwakani nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Kalambo. Wengi wanatoka vijiji vya jirani, na wazazi wao huniuliza kwa nini wanakatazwa kulima kando ya mto na kukata miti kwa sababu ya maji yanayoanguka tu. Nimesoma kwamba kumepatikana magogo yenye umri wa karibu nusu milioni ya miaka. Je, ni kweli? Mwanafunzi mmoja pia ameniletea jiwe linaloonekana kuchongwa, anasema aliliokota karibu na mto. Nifanye nini nalo? Na thamani ya korongo hili ni ipi hasa, hata niweze kuwajibu wazazi?"

Mwalimu, naanza na magogo, kwa sababu ukishaelewa habari ya magogo hayo utaielewa Kalambo nzima, na wazazi utawajibu bila kubabaika.

Ni kweli. Mwaka 2019 timu ya watafiti iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na wenzao wa Zambia, ilichimba kwenye ukingo wa Mto Kalambo, ambao ni mpaka wa Tanzania na Zambia, upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko. Chini kabisa, kwenye mchanga na udongo uliolowa muda wote, walikuta gogo la urefu wa karibu mita 1.4 limelala juu ya gogo jingine, yamekatizana kama msalaba. Gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo, na lile la chini limepita ndani ya pengo hilo na kukaa sawasawa. Ncha za gogo la juu zilikuwa zimechongwa zikawa nyembamba. Alama za kukata na kukwangua kwa zana za mawe zilionekana bado kwenye mti wenyewe. Yeyote aliyewahi kusimamisha nguzo za banda atajua mara moja maana ya pengo la namna hiyo: ni ili mti wa juu usiteleze.

Umri wake ni takribani miaka 476,000, na kosa linaloweza kuwapo katika kipimo ni miaka kama 23,000 mbele au nyuma. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2023. Hadi sasa haujapatikana ushahidi wa zamani zaidi, popote duniani, wa viumbe wa jamii ya binadamu kuchonga miti miwili ili ishikane. Yalikuwa ya nini? Watafiti wanafikiri ya jukwaa la kukalia juu ya matope, au njia ya kupita mahali penye maji, au msingi wa kibanda. Mimi naegemea kwenye jukwaa, kwa vile pale palikuwa ukingo wa maji unaofurika kila masika, na mtu anayevua, kuchimba mizizi au kuchonga mawe kwenye ukingo kama huo hutafuta kwanza mahali pakavu pa kuweka vitu vyake.

Wanafunzi watakuuliza walikuwa watu gani. Mifupa ya kale zaidi inayojulikana ya binadamu wa aina yetu imetoka Jebel Irhoud, Morocco, nayo ina miaka kama 300,000. Waliochonga magogo ya Kalambo waliishi zaidi ya miaka 150,000 kabla ya hapo. Walikuwa, kwa hiyo, binadamu wa aina iliyotutangulia. Mifupa yao haikuhifadhika Kalambo. Fuvu maarufu lililochimbuliwa mgodini Kabwe, huko huko Zambia, mwaka 1921, na ambalo hadi leo liko London huku Zambia ikilidai, linaweza kuwapa wanafunzi picha ya sura za watu wa zama hizo, ingawa nalo ni la baadaye, la miaka kama 300,000 hivi.

Umri wa kitu kama hicho hujulikanaje? Njia ya kaboni ambayo wengi tumeisikia haifiki huko. Uwezo wake huishia kwenye miaka kama 50,000. Walichopima ni chembe za mchanga uliofunika magogo. Chembe ya mchanga ikiwa juani, mwanga huifuta kabisa nguvu yoyote iliyokuwa imehifadhi ndani yake. Ikifukiwa gizani huanza kukusanya, kidogo kidogo, nguvu ya mionzi hafifu inayotoka kwenye udongo unaoizunguka. Watafiti huichukua chembe hiyo bila kuiacha ione mwanga, wakaiamsha maabara, nayo hutoa mng'ao. Wingi wa mng'ao unasema ni muda gani imekaa gizani. Kazi hiyo ilifanywa na timu ya Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth. Ndiyo maana mtu akichimba kiholela kando ya Kalambo na kuupindua mchanga, anaharibu saa ambayo imekuwa ikihesabu tangu kabla binadamu wa aina yetu hajakuwepo, na haiwezekani kuianzisha upya.

Sasa tufike kwenye kiini. Mti ukianguka porini Rukwa, mchwa na kuvu hawauachii miaka mingi. Magogo ya Kalambo yamedumu kwa sababu moja tu: hayakukauka hata mara moja. Maji yalijaa kwenye udongo, hewa ikakosa njia, na bila hewa kuvu wa kuozesha mti hawawezi kufanya kazi wala mchwa hafiki. Masika na kiangazi, zama za mvua nyingi na zama za ukame mkali, mahali pale palibaki pamelowa.

Kwa nini palibaki pamelowa? Kwa sababu ya umbo la korongo. Mto Kalambo unatoka kwenye nyanda za juu, unafika mahali ambapo mwamba mgumu umeubana, unatulia nyuma ya mwamba huo katika bonde dogo lenye mchanga na matope, halafu unapenya na kwenda kuanguka. Mwamba ule unafanya kazi ya kizingiti: mto hauwezi kuchimba bonde lake kwenda chini kuliko kizingiti kinavyoruhusu. Hivyo kila mafuriko yaliacha tabaka jipya la mchanga badala ya kufagia la zamani lote, na maji ya ardhini yakabaki juu. Ukisimama pale leo unaona mto mtulivu unaopinda pinda kwenye majani, na huwezi kudhani kwamba mbele kidogo tu ardhi imekatika.

Imekatika haswa. Maji ya Kalambo yanaanguka mita zipatazo 221 kwa mruko mmoja, bila kugusa ngazi ya mwamba katikati. Mosi-oa-Tunya, ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Victoria, ina mita 108. Ni pana mno na ina maji mengi mno, lakini kwa kimo Kalambo ni mara mbili yake. Chini ya maporomoko kuna korongo lenyewe, lenye kina cha hadi mita 300 na upana unaofikia kama kilomita moja, nalo linakwenda karibu kilomita tano hadi kufunguka kwenye Bonde la Ufa, na kutoka hapo mto unaingia Ziwa Tanganyika. Chanzo cha mteremko huo wote ni ziwa. Ardhi ilipopasuka na kudidimia, sakafu ya Tanganyika ilikwenda chini sana, leo kina chake kinafika mita 1,470, na mito yote ya pembeni ikajikuta inaanguka kutoka dari. Kalambo ulikuta mwamba wa mchanga wa kale sana, ulioiva kwa joto na mgandamizo wa ardhini mpaka ukawa mgumu kuliko chuma cha jembe. Mwamba wa aina hiyo haumomonyoki polepole na kuwa mteremko laini. Hubaki wima kama ukuta, na unapokatika hukatika vipande vikubwa.

Kuta hizo zina wenyewe. Upande wetu na upande wa Zambia, wakati wa kiangazi, marabu hutaga kwenye vishubaka vya mwamba. Unamjua ndege huyu: mkubwa, kimo chake kinaweza kufika mita moja na nusu, kichwa upara, mfuko mwekundu shingoni, miguu myeupe kwa sababu huinyea ili ipoe. Kampala wanamwita kaloli na anaishi nao mjini kwenye majalala. Watu wengi humwona wa kuchukiza. Nenda ukamwone Kalambo anapojitupa kutoka ukingoni, akafungua mbawa zake na kupanda na hewa ya moto inayotoka bondeni bila kupiga hata mara moja, halafu uniambie kama bado unamwona hivyo. Mara nyingi marabu hujenga viota juu ya miti, na maeneo anayozaliana kwenye majabali ni machache sana yanayojulikana. Anachagua kiangazi kwa hesabu nzuri: madimbwi yanapokauka, samaki na vyura hubanwa kwenye maji machache na kulisha makinda huwa rahisi, na mizoga porini haikosekani. Anachohitaji kwenye korongo ni utulivu tu. Mtu akipiga kelele au kurusha mawe ukingoni, mzazi huruka, na yai au kinda likibaki juani kwenye mwamba ule haliponi.

Kuna jambo jingine la asili ambalo wageni hawalioni kabisa kwa kuwa liko chini ya maji. Maporomoko ya mita 221 ni ukuta ambao samaki yeyote wa ziwani hawezi kuupanda. Kwa hiyo samaki wa juu na samaki wa chini wametengana. Sehemu ya chini ya mto, inayoingia ziwani, ina samaki mdogo ambaye wanasayansi wanamwita Astatotilapia burtoni, wa jamii moja kubwa na sato na perege. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240 za samaki wa jamii hiyo, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Samaki huyu mmoja anaishi ziwani na pia mtoni, na watafiti waliolinganisha wale wa Kalambo na wale wa ziwani walikuta miili yao imeanza kutofautiana, ndani ya kilomita chache tu. Ni kama kukuta mabadiliko ya viumbe yakiendelea mbele ya macho yako. Mto ukijaa tope kutoka mashambani, majaribio hayo ya asili yanaweza kufutika, maana samaki wengi wa jamii hii huchaguana kwa rangi, na kwenye maji ya tope rangi hazionekani.

Nimeanza na nusu milioni ya miaka, lakini thamani ya utamaduni haikuishia huko. Aliyeigundua Kalambo kama mahali pa historia alikuwa J. Desmond Clark, mwaka 1953, wakati huo akiongoza jumba la makumbusho la mjini Livingstone. Alichimba hapo kwa miaka, na alichokuta kilikuwa adimu: tabaka juu ya tabaka, kuanzia mashoka ya mawe ya kushikwa mkononi, makaa na magogo yaliyoungua, zana za kipindi cha kati cha zama za mawe, hadi vyungu vya wakulima na wafua chuma wa kwanza waliofika hapo karibu karne ya 4. Ni mahali pachache sana Afrika ambapo unaweza kusoma safari ndefu hivyo ukiwa umesimama kwenye shimo moja. Clark aliona pia miti iliyoonekana kuchongwa, akaisema, ila vipimo vya wakati wake havikuweza kuthibitisha umri. Sisi Watanzania tunaijua Oldupai, na ni haki yake. Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus pale mwaka 1959 dunia iligeuza macho. Oldupai ina mifupa na mawe. Kalambo ina kile ambacho Oldupai haikuweza kutunza, yaani miti. Na ukifikiri vizuri, watu wa kale walitumia miti, kamba, majani na ngozi kuliko mawe. Tunawaita watu wa "zama za mawe" kwa sababu mawe ndiyo yaliyobaki.

Hao wafua chuma wa mwanzo wana wajukuu wa kazi. Ufipa ilisifika kwa matanuru marefu ya udongo, ya mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, na mabaki ya matanuru hayo bado yamesimama sehemu kadhaa za nyanda za juu. Kazi hiyo ilidumu hadi katikati ya karne ya 20, kwa hiyo wapo wazee waliowaona wafuaji kwa macho. Ukitaka kitu kimoja cha kuwafundisha watoto kwamba teknolojia haikuletwa hapa na meli, ni hicho.

Halafu kuna watu wenyewe. Walungu, Wamambwe na Wafipa wanaishi pande zote za mto, wanaoana, wanauziana mahindi na samaki, na lugha zao zinasikilizana. Mpaka ulichorwa Ulaya. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliutaja mto huu kwa jina la Kilambo na kuufanya mstari hadi unapoingia ziwani. Tangu hapo korongo moja likawa na serikali mbili. Kwenye mila za nyanda hizi, maporomoko, mabwawa, milima na miti mikubwa ni mahali pa mizimu ya nchi, mahali pa kuombea mvua na afya, na hayakuendewa hovyo. Hukukata mti pale, wala hukupiga kelele. Nasema hili kwa wazazi wanaoona hifadhi kama amri ya kigeni: makatazo mengi yaliyoandikwa leo kwenye bango la hifadhi yalikuwa tayari midomoni mwa babu zao, kwa sababu nyingine na kwa adhabu nyingine.

Leo upande wa Tanzania eneo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Upande wa Zambia ni eneo la kumbukumbu la taifa chini ya tume yao ya urithi, na mwaka 2009 Zambia iliiweka Kalambo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia. Maoni yangu ni kwamba pendekezo hilo linapaswa kuwa la nchi mbili. Magogo yalichimbuliwa ng'ambo, ni kweli, lakini maji yanayoyalowesha yanatoka pande zote, kuta za marabu ni za pande zote, na hakuna namna ya kuhifadhi nusu ya korongo.

Sasa wazazi. Usiwaambie kwamba watalii watawatajirisha. Wageni wanaongezeka, ngazi za kushukia zimejengwa upande wetu, barabara ya Sumbawanga kupitia Matai kwenda bandari ya Kasanga imerahisisha safari, na vijana wa Kapozwa na vijiji vingine wanaweza kupata kazi ya kuongoza wageni, kuuza chakula na kulaza watu. Lakini ni kipato cha wachache na cha msimu. Mtu aliyezuiwa kulima hawezi kuridhika kwa kuambiwa mtoto wa jirani ameuza soda.

Waambie kuhusu maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na inafanya hivyo Tanzania nzima, iwe kuna maporomoko au hakuna. Ukanda ule ukiwa na miti na majani, mvua huingia ardhini na kurudi mtoni taratibu hadi Oktoba. Ukilimwa hadi ukingoni, mvua inatelemka na udongo, mto unafurika Machi na kukonda Septemba, na anayeumia kwanza ni huyo huyo mwenye bustani ya mboga na ng'ombe wa kunywesha. Kilichoweka magogo yale hai kwa karibu nusu milioni ya miaka ndicho kinachoweka kisima cha kijiji hai: maji kubaki juu ardhini. Mto ukichimbuka kwa mafuriko makali, ukingo unamomonyoka na tabaka za kale zinakwenda nao. Na kiangazi kikikausha mchanga uliokuwa umelowa siku zote, magogo ambayo bado hatujayaona yataoza humo humo yalipo, na hakuna atakayejua kwamba yalikuwepo.

Kama watataka mfano wa kinachotokea maji yakiondolewa korongoni, tunao hapa nchini, na ni wa uchungu. Kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, waligunduliwa mwaka 1996 vyura wadogo wa manjano ambao hawakuwahi kuonekana mahali pengine popote. Makazi yao yote duniani yalikuwa eneo la kama hekta mbili lililolowa kwa manyunyu ya maporomoko, na badala ya kutaga walizaa watoto wakiwa vyura kamili. Wakati huo bwawa la umeme la megawati 180 lilikuwa tayari linajengwa. Lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakoma. Mwaka 2001 vikawekwa vifaa vya kunyunyizia maji na vyura wakaongezeka tena, lakini mwaka 2003 waliporomoka ghafla, huku ugonjwa wa kuvu ukigundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kwamba wametoweka porini. Waliponea kwa sababu mwaka 2000 walikuwa wamepelekwa vyura karibu 500 kwenye bustani za wanyama za Marekani. Vizazi vyao vilianza kurudishwa nchini mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena korongoni. Umeme ule tunauhitaji na sijuti kwamba upo. Ninachosema ni kwamba mamilioni ya dola na miaka zaidi ya kumi vimetumika kurudisha kitu ambacho manyunyu yalikuwa yakikitunza bure.

Upo pia msitu wa miombo juu ya korongo, na hapa ndipo ninapoona mzazi anaweza kupata kitu cha kweli. Miombo ya Rukwa na Katavi inatoa asali nzuri. Mizinga inaweza kuwekwa kwa makubaliano na wahifadhi, kuni kavu zinaweza kuruhusiwa kwa utaratibu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa vijiji kushiriki katika usimamizi na kugawana faida. Mlango huo haujifungui wenyewe. Kijiji kinapaswa kukaa mkutano, kuunda kamati, kudai makubaliano ya maandishi. Kama wazazi wana hasira, hasira hiyo ipelekwe huko.

Kuhusu jiwe la mwanafunzi wako. Linaweza kuwa shoka la mkono, au linaweza kuwa jiwe tu lililopasuka. Litazame hivi: shoka la mkono huwa na umbo la yai lililochongoka upande mmoja, na nyuso zote mbili zina makovu ya kubanduliwa yanayofuatana kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka ukingo wote ukawa mkali wa kupinda pinda. Ukiliweka kiganjani linakaa. Jiwe lililopasuka lenyewe huwa na kovu moja au mawili yasiyo na mpangilio. Usilisugue kwa brashi wala kulipaka mafuta ling'ae. Liandikie karatasi: limeokotwa wapi hasa, lini, juu ya ardhi au kwenye ukingo uliobomoka. Lipige picha likiwa na rula pembeni. Halafu mpelekee taarifa afisa utamaduni wa wilaya, naye awasiliane na Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hivyo kukiuza au kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Na kama kijana aliliokota ng'ambo ya mto, ni mali ya Zambia, taarifa iende kwa njia hiyo hiyo ili lirudi.

Usimgombeze kijana. Ameona kitu ambacho wengi wangekikanyaga. Mweleze tu kwamba jiwe lililoondolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari zake, na mara nyingine apige picha na kuliacha.

Kabla ya safari, fanyeni jaribio dogo darasani. Chukueni vijiti viwili vya mti mmoja. Kimoja kizikeni kwenye chupa ya udongo iliyojaa maji hadi juu na kufungwa vizuri. Kingine kifukieni nje, kwenye udongo unaolowa na kukauka. Mkivifukua baada ya muhula mmoja au miwili, watoto wataelewa habari ya Kalambo bila wewe kusema mengi.

Juu ya wakati wa kwenda, itabidi uchague. Kati ya Machi na Mei maji ni mengi na manyunyu yanapanda, lakini njia inateleza na chini ya korongo mara nyingi hakuonekani kitu kwa ukungu. Kuanzia Julai hadi Septemba maji yanapungua, ukuta wa mwamba unaonekana wote na marabu wako kwenye viota. Kwa wanafunzi ningechagua kiangazi. Toa taarifa mapema kwa ofisi ya TFS, chukua mwongozaji, na azima darubini hata mbili. Gawa watoto makundi madogo, kila kundi na mtu mzima, na mtu yeyote asisogee ukingoni kupiga picha akiwa amegeuzia korongo mgongo. Mwamba ule ni mkavu na mgumu, lakini una mchanga mwembamba juu yake unaotelezesha kiatu. Waanze matembezi yao juu, kwenye bonde lile la mto mtulivu, wasimame hapo nusu saa wakiwa na ramani na picha ya magogo, ndipo waende kuyaona maji yanapoanguka.